Kulipua Kazi kwa Makini

Nimeishi London muda wa kutosha kuzoea vituko vyake. Nimeona watu wazima wakivaa kaptula kwenye baridi ya kugandisha mate. Nimeona mbwa akikatiwa keki ya siku ya kuzaliwa na wenyewe wakimwimbia. Nimesimama kwenye foleni ambayo hakuna aliyejua mbele yake kuna nini. Hayo yote niliyameza. Lakini sikuwa tayari kwa mtu mzima, msomi, mwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma, aliyekuja kutuomba kwa adabu zake zote tumharibie gari vizuri.

Nieleze kwanza, maana ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifikirii. Bodi ya gari imeungwa vipande vipande, na kila pale bati linapopandana na bati pana ufa. Ufa huo huzibwa kwa gundi nzito ya kijivu, ya kukandika, ili maji na vumbi visipite. Gundi hiyo iko chini ya zulia, nyuma ya viti, pembezoni mwa buti. Mwenye gari anaweza kuzeeka na kuzikwa bila kuiona. Mimi niliiangalia kwa miezi minne mfululizo, na mpaka leo mtu akinifungulia buti niweke mzigo, mimi hukagua kona kwanza.

Karakana niliyofanyia kazi ilikuwa Tooting, kusini mwa London, kwenye uchochoro ulio nyuma ya duka la sari na duka la mboga. Mwenyewe alikuwa kalasinga wa Nakuru, fundi wa bodi, mtoto na mjukuu wa mafundi. Alikuja mwishoni mwa miaka ya sitini na wimbi lile la Wahindi wa Kenya waliokimbilia Uingereza na pasipoti zao za Kiingereza kabla mlango haujafungwa. Alishuka uwanja wa ndege na mke, masanduku mawili, na nyundo saba zilizoviringishwa ndani ya blanketi. Afisa wa ajira akamwuliza anajua kazi gani. Akajibu kwamba anaweza kunyoosha bati hata mwenye gari asijue lilipogongwa. Afisa akaandika yote kwa mwandiko mzuri, akafikiri sana, akampeleka kuosha mabasi.

Aliosha mabasi miaka mitatu. Halafu akapata kazi kwenye gereji, akaambiwa kazi yake ni safi mno na kwa hiyo inachelewa. Ndipo alipojikaza akachukua karakana yake mwenyewe kutoka kwa wajane wa Mwingereza mmoja aliyefariki. Nasema wajane kwa sababu walikuwa wawili, na hawakuwa wanasalimiana, lakini hiyo si habari yetu.

Habari yetu ni kibao. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina la yule marehemu. Fundi alipohamia alikipaka rangi akaandika jina lake, na kwa wiki tatu hakuingia mtu ila polisi aliyekuwa akiuliza njia. Akachukua msasa, akasugua jina lake taratibu, na marehemu akajitokeza tena chini yake, herufi kwa herufi. Wateja wakarudi siku hizo hizo. Simu ikilia, mtu akimtaja marehemu, Fundi hujibu, "Ndiyo, ni mimi." Miaka kumi na tano marehemu alipokea simu, alitoa risiti, na kila Krismasi alipata kadi.

Mkewe hakulipenda jambo hilo. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ya kukusoma mpaka mifupa, na mimi nilimwita Mama ingawa hakunizidi miaka mingi. Alishona mapazia kwenye kiwanda huko Wandsworth. Kila siku alimpa mumewe chapati na dengu za watu wawili, za Fundi na zangu, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga karakana hata siku moja. Alisema haendi kumtembelea mumewe kwenye nyumba ya maiti. Nakuru, alikuwa akinieleza, jina la mumewe liliandikwa kwa herufi nyekundu, ndefu kama mtoto wa miaka miwili, na ngazi aliishika yeye.

Na mimi? Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia Unguja, mpaka ikafika siku ambayo jiografia iliyonifaa zaidi ilikuwa ile ya kujua njia ya kutokea. London haikuona haja ya mwalimu wa jiografia kutoka Unguja, lakini ilikuwa na kutu ya kututosha sote. Fundi akanipa skrepa ya kukwangulia na ovaroli. Akaniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, akaniheshimu kwa cheo hicho, na kwa cheo hicho hicho akanituma chini ya magari. Tulizungumza Kiswahili. Changu cha Unguja, chake cha karakana za Nakuru, ambacho hakina ngeli na wala hakijawahi kuzihitaji.

Basi mwishoni mwa miaka ya themanini akaja daktari wa meno. Alikuwa na gari la Kimarekani la umri wa miaka ishirini, la milango miwili, refu kama sebule yetu, lenye injini ya kuvuta lori na nafasi ya watu wawili na nusu. Magari hayo yalitengenezwa ili vijana wa Kimarekani wakimbizane kwenye barabara zilizonyooka. Daktari alikuwa akilipeleka kwenye maonyesho, likibebwa juu ya gari jingine lisije likachafuka kwa kuendeshwa. Sasa alitaka bodi yote ifanyiwe upya, na alitaja kwa namna ya pekee gundi ya maungio. Alimwambia Fundi kwa Kiingereza, polepole, kama anavyomwambia mgonjwa afungue kinywa, "Nataka iwe kama ilivyotoka kiwandani."

Fundi alitabasamu. Hilo alilielewa.

Halafu daktari akaongeza jambo. Kwenye maonyesho, alisema, kila gari huwekewa bango mbele yake lenye historia ya gari. Kazi ikiwa nzuri, ataandika kwenye bango hilo nani alitengeneza bodi. Fundi akamwuliza, "Jina hili la juu ya mlango?"

"Hapana. Jina lako."

"Langu mimi?"

"Lako wewe."

Kesho yake simu ikalia, nikaipokea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama kupiga simu karakana. Hakusalimu. "Mwalimu, ati wataliandika jina la mume wangu? Ni kweli au amesikia vibaya?" Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo. "Haya," akasema. "Mfanyeni vizuri hilo gari." Kisha akakata, na dengu za siku ile zilikuwa na samli isiyo ya kawaida.

Daktari akaenda zake Ureno kupumzisha mgongo. Tulipong'oa mazulia na viti na kubaki na bodi tupu juu ya toroli, tuliyoyaona yalitutia huruma. Gundi ilikuwa imekandikwa ovyo. Kona hii rundo, kona ile hakuna kitu. Michirizi ya brashi, matone yaliyoganda njiani, mahali pengine mtu kafuta kidole chake na kuondoka. Fundi alizunguka buti mara mbili akitikisa kilemba. "Mwalimu, hii kazi ya mlevi," akasema. "Huyu fundi ya kwanza nadanganya daktari."

Sote wawili tulielewa kilichotokea. Daktari wa watu alikuwa ameibiwa. Kuna tapeli aliyelitengeneza gari hili kabla yetu, akalipua, akala pesa akaondoka. Haikutupitikia kabisa kwamba gundi ile ilitoka kiwandani hivyo. Sisi tumelelewa kwenye nchi ambazo kitu cha kiwandani cha ng'ambo hutoka kwenye sanduku kikinukia, kimekamilika, bila alama ya mkono wa mtu. Ukimsifu fundi Nakuru au Unguja humwambii zaidi ya hilo: kama imetoka kiwandani. Kiwanda kwetu kilikuwa mahali pasipo na wanadamu.

Nikakwangua. Siku nane nilikwangua gundi ya yule mlevi kwa skrepa, kwa kisu, kwa msumari, kwa uchungu wa kumtetea mteja. Nilijisikia mtu mwema. Halafu Fundi akaanza kazi. Alichovya kidole kwenye maji ya sabuni, akapitisha gundi kwenye maungio kwa mpigo mmoja usiokatika, ukingo hadi ukingo, ikakaa nyembamba na nyororo kama wanja uliopakwa na mwanamke asiye na haraka, mwenye mtu wa kumwona. Akaziba na nyufa ambazo mlevi aliziacha wazi, maana Nakuru vumbi jekundu huingia mpaka kwenye saa ya mkononi, na yeye hakuwahi kuacha ufa wazi maisha yake. Alipomaliza nilitamani kuingia kwenye buti lile nilale.

Daktari akarudi, mwekundu kwa jua la Ureno. Akainama ndani ya buti. Akakaa ameinama hivyo mpaka nikafikiri mgongo umemrudia. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi.

"Mmefanya nini?" akauliza. "Ni nzuri mno."

Akatoa bahasha yenye picha alizopiga kabla ya kutuletea gari, na kitabu kinene chenye picha za magari mengine ya aina ile, na kila picha ilikuwa na uchafu ule ule: rundo kona ya kulia, mchirizi kushoto, kidole kilichofutwa. Ndivyo yalivyotoka kiwandani. Yote. Majaji wa maonyesho, akatueleza, hupita na tochi na kukagua kama uchafu upo mahali pake. Gundi ikiwa safi, unakatwa pointi.

Mimi nilicheka. Ilinitoka tu. Huyu mtu anaamka kila asubuhi kwenda kunyoosha meno ya watoto wa watu, anawafunga nyaya kinywani miaka miwili kwa jino moja lililoinama, na hapa analia kwa sababu mstari umenyooka. Lakini Fundi hakucheka. Alivuta ndoo akaikalia. Sikuwahi kumwona akikaa saa za kazi.

"Kiwandani nafanya hivi?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Kweli?"

"Kweli, Fundi. Tazama picha."

Akazitazama moja moja. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikifikiri. Wale waliomwambia miaka yote kwamba hafai, kiwango chao chenyewe kilikuwa hiki.

Daktari alitupa wiki sita. Ahadi ya bango ilikuwa palepale, alisema, mradi gundi iwe kama ya kwenye picha. Kwa hiyo nikarudi kwenye skrepa, nikakwangua ule wanja wote, na safari hii sikujisikia mtu mwema hata kidogo.

Sasa mkalishe mtu mwenye ufundi wa miaka arobaini umfundishe kulipua. Alijaribu. Aliweka gundi rundo, akageuka kufuta mikono, na kidole kikamtoroka kikarudi kulainisha. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, mstari ukanyooka zaidi. Alijaribu kwa kufumba macho. "Mimi hapana weza, Mwalimu," akasema. "Mkono nakataa."

Nikajitolea. Kama kinachotakiwa ni ubovu, nilijigamba, mie ndiye mtaalamu wa jengo hili. Nikakandika buti zima kwa nusu saa. Fundi akaweka picha kando ya kazi yangu, akacheka mpaka akakohoa. Yangu ilikuwa mbaya, tena sana, lakini ilikuwa mbaya ya mtu asiyejua. Ile ya kwenye picha, alinionyesha kwa ncha ya bisibisi, ilikuwa mbaya ya mtu anayejua kazi na hana nafasi. Hapa ameanza vizuri. Hapa ameona anachelewa. Hapa kona ya kushoto mkono umechoka, kwa sababu anainama upande mmoja siku nzima. Hapa amefuta kidole kwa sababu gari lingine limeshafika.

Tangu siku hiyo Fundi akaanza kumzungumza yule mtu wa kiwandani kama jirani. Hakumwita tena mlevi. Alitaka kujua urefu wake, akaupima kwa mahali michirizi inapoishia. Alikubaliana na nafsi yake kwamba mtu yule ana mgongo mbovu. Siku moja tukila chapati akasema, "Huyu pia pengine natoka mbali. Nakuja kiwandani, napewa brashi, nafanya gari elfu. Hakuna mtu naandika jina yake." Akaendelea kutafuna. Mimi nilikuwa na la kusema, lakini nililimeza pamoja na dengu.

Ufumbuzi ulimjia kwenye maji ya kuoga, kama wanasayansi. Kiwandani gari halimngojei mtu, linapita. Kwa hiyo na letu lipite. Akasafisha sakafu kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni, akayapaka mafuta magurudumu ya toroli, akashika kopo la gundi na brashi.

"Mwalimu, sukuma."

Nikasukuma. Bodi nzima ya gari la Kimarekani ikaanza safari kupitia karakana ya Tooting, na kalasinga mwenye kilemba cha bluu akitembea kando yake, nusu ya mwili ndani ya buti, akipaka kama mwendawazimu. Alitakiwa amalize kabla ya mlango. Akakwama. Nikakwangua, nikafuta, tukalirudisha ukutani. "Kelele iko wapi?" akauliza. "Kiwandani kuna kelele." Nikawasha redio, ikatoa matokeo ya kriketi kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba. Ikabidi nisukume kwa mikono na kupiga debe kwa mguu. Mwenye duka la sari alikuja kuangalia mara moja, akafunga mlango wake wa nyuma, na hakutuuliza kitu mpaka leo.

Siku ya nne, safari ya kumi na ngapi sijui, ikaja ile tuliyokuwa tukiitafuta. Niliiona inakuja. Mkono wake uliacha kufikiri. Rundo likaangukia palipotakiwa rundo, mchirizi ukakatika palipotakiwa kukatika, na kushoto mkono ukachoka kweli. Karibu na mlango gurudumu likagonga kifuniko cha mtaro, gari likaruka, Fundi akajishika asianguke, na dole gumba lake la kulia likazama kwenye gundi, kona ya juu, chini ya bawaba ya buti.

Dole lile lilikuwa na kovu. Nakuru, mwaka aliooa, bati lilimkata mshazari kutoka kwenye kucha hadi kwenye kiungo, na nyama ikapona imeacha mfereji. Alama iliyobaki kwenye gundi ilikuwa na mfereji huo, wazi kabisa. Akanyoosha kidole airekebishe. Daktari, ambaye siku hizo alikuwa akija kila mchana badala ya kung'oa meno, akapiga ukelele. "Usiguse! Iache! Hiyo ni kamili!"

Ikaachwa. Ikapakwa rangi juu yake, nyembamba kama ya kiwandani, yenye madoadoa yake yote. Ilikuwa mbaya vizuri, na niseme ukweli, nilijivunia.

Maonyesho yalikuwa Jumapili, kwenye uwanja nje kidogo ya London, majani mabichi na mahema meupe na wanaume wakipangusa magari kwa miswaki. Mama alikuja. Alivaa shalwari ya hariri ya rangi ya zambarau aliyoivaa mara ya mwisho kwenye harusi, na juu yake sweta la sufu, kwa sababu hii ilikuwa Uingereza mwezi wa Juni. Alibeba chai kwenye chupa na vikombe vinne, kimoja cha daktari. Alitembea kati ya magari taratibu, kama mtu aliyealikwa.

Bango lilikuwa mbele ya gari, kubwa, limechapishwa. Lilikuwa na mwaka wa gari, ukubwa wa injini, jina la daktari na jina la mbwa wa daktari, ambaye eti hupenda kukaa kiti cha nyuma. Nilisoma mara mbili. Nikageuza nione nyuma.

Daktari alimvuta Fundi pembeni, nami nikawafuata bila kualikwa. Alikuwa na haya kidogo, namshukuru kwa hizo. Alisema majaji walishapita mara ya kwanza asubuhi, wakaona buti, wakaamini kwamba gundi ile ni ya asili, haijaguswa tangu ilipotoka Marekani. Kwa kitu kisichoguswa pointi ni nyingi zaidi. Sasa akitaja fundi, itakuwa imeguswa. "Si unaelewa?" akauliza. "Hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Hawaamini kama kuna mtu alifanya kazi hapa." Kisha akataja marafiki zake watatu wenye magari kama lile, wanaotafuta fundi.

"Naelewa," akasema Fundi, kwa Kiingereza chake cha kupokelea simu.

Nilitaka kumshika daktari kola nimwonyeshe jiografia. Lakini Fundi alishanigeukia. "Nyamaza, Mwalimu. Tafadhali." Tukarudi kwa Mama, aliyekuwa amesimama mbele ya bango, kidole chake kikipita chini ya mistari. Akamwuliza mumewe kitu kwa Kipunjabi. Akajibiwa kwa maneno machache. Akanigeukia mimi. "Ati jina watalisoma baadaye, kwa sauti," akasema. "Ni kweli, Mwalimu?"

Nikajifanya namimina chai.

Jaji mkuu akaja kwa ukaguzi wa mwisho, mzee wa masharubu, mwenye glavu nyeupe, na nyuma yake watu kama ishirini. Akainama ndani ya buti na tochi. Akatoa sauti ya mtu aliyeonja kitu kitamu. "Njooni muone," akawaita. Mwanga ulitua kwenye dole gumba. "Mnaona? Hapa alisimama mtu. Mfanyakazi wa kiwandani, Mmarekani, miaka ishirini iliyopita, alijishika hapa. Ana kovu hata. Kitu kama hiki hakuna fundi anayeweza kukiigiza." Watu wakasogea mmoja mmoja kama wanaopita kutazama maiti ya mfalme. Wakapiga picha. Bibi mmoja alisema inamliza.

Fundi alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alihamisha kikombe mkono wa kushoto. Wa kulia akautia mfukoni.

Mama akapita na wengine, zamu yake ilipofika. Akainama. Alikaa pale muda, na alipoinuka hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Mwalimu, waambie. Dole hilo si la Mmarekani. Ni la mume wangu. Kovu hilo n'lilifunga mie kwa upande wa mtandio wangu, Nakuru, na damu haikukoma mpaka alfajiri."

Jaji akanigeukia kwa heshima. "Bibi anasema nini?"

Fundi akasema chini kwa chini, bila kuinua macho, "Mwalimu, sema gari mzuri. Basi."

Nilikuwa nimesubiri miezi minne kufungua kinywa changu. Nina hasira za karibu, kila anijuaye atakwambia. Na siku ile, kwenye majani yale, nilimtazama Fundi na kilemba chake kilichopigwa pasi, nikawafikiria wale marafiki watatu, nikamwambia jaji kwa Kiingereza fasaha cha shule za serikali:

"Anasema ni gari zuri sana."

"Mwambie ahsante," akasema jaji.

Nililosahau ni hili. Mama alikuwa ameshona mapazia miaka kumi na nane chini ya msimamizi Mwingereza. Hakukizungumza Kiingereza kwa sababu hakupenda kinavyomkaa kinywani, lakini neno halikumpita. Alinitazama, na sitasahau alivyonitazama. Halafu akaweka kikombe chake juu ya bango, kwenye jina la mbwa. Akamwendea mumewe, akautoa mkono wake mfukoni kama unavyomtoa mtoto mahali alipojificha, akamvuta mpaka kwenye buti. Fundi hakukataa. Mama akalichukua lile dole gumba, akaliingiza kwenye alama ya gundi.

Likaingia lote. Mfereji ukakaa kwenye mfereji.

Daktari alikuwa akitazama viatu vyake. Jaji akaleta tochi, akamulika dole, akamwomba Fundi alitoe, akamulika alama, akamwomba alirudishe. Kisha akavua glavu yake ya kulia, akampa Fundi mkono.

"Umewezaje?" akauliza.

"Mwalimu nasukuma," Fundi akasema, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia.

Lakini jaji alikuwa mtu wa sheria. Akatoa fomu yake na kalamu. Akauliza jina. Fundi akafungua kinywa, kikabaki wazi, naapa sijui ni jina gani lilikuwa linakuja. Mama akalitaja. Jaji akaandika taratibu, akamkata daktari pointi nyingi, akamrarulia Mama nakala ya chini alipoiomba kwa kunyoosha mkono tu. Gari likawa la tano. Marafiki watatu hatukuwaona.

Tulirudi kwa treni. Mama alikaa kati yetu na ile karatasi mapajani, ya buluu, ya kaboni. Ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ya sifa, ya kulia ya kasoro. Safu ya kasoro ilikuwa na mstari mmoja tu. Mpaka tulipokaribia stesheni yetu hakuwa amenisemesha, na nilistahili. Ndipo akanipa karatasi.

"Soma, Mwalimu. Na safari hii usiniongopee."

Nikaisoma, nikiigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza: gundi ya buti si ya kiwandani, imewekwa kwa mkono na fundi. Halafu jina lake. Nikalisoma lote, la kwake na la ukoo wake, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitia majina darasani Unguja, na behewa zima likageuka kututazama.

"Naam," akaitika Fundi.